Mrututu, Chule Buni na Bakteria wa Udongo

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa kanuni zilizomruhusu Mwafrika kupanda kahawa, ila si kila Mwafrika wala si kila mahali. Wilaya zilizochaguliwa kwa majaribio zilikuwa tatu: Kisii upande wa magharibi, na Embu na Meru kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Kila wilaya iliwekewa kikomo cha ekari 100. Sababu ya kuzichagua hizo ilijulikana na wote. Zilikuwa mbali na mashamba ya walowezi wa Kiambu na Thika, na walowezi walikuwa wamedai kwa miaka mingi kwamba shamba la Mwafrika lingekuwa kitalu cha magonjwa, kwamba ukungu ungeota huko kisha uyavamie mashamba yao. Nyuma ya dai hilo kulikuwa na hofu ya kukosa vibarua, maana mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine. Hata hivyo ugonjwa ndio uliotangulizwa mbele. Mkulima wa kwanza wa Imenti au wa Embu alipokea mche pamoja na masharti: awe na kibali, apande kwa vipimo, akubali kukaguliwa.

Dai hilo lilikuwa limeigeuza historia juu chini. Kutu ya majani, ile kuvu iliyokuwa imeiangamiza kahawa ya Ceylon katika karne ya 19, ilionekana Kenya mwaka 1912, wakati karibu kahawa yote ya nchi ilikuwa mikononi mwa walowezi na wamishonari. Mwaka 1922 ukafuata ugonjwa mpya kabisa, ambao dunia haikuwa imeusikia. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa serikali, J. McDonald, aliuona magharibi mwa Kenya, kwenye mashamba ambayo hayakuwa ya Waafrika, kwa kuwa Waafrika hawakuwa na ruhusa. Aliuandikia taarifa mwaka 1926. Watanzania huuita chule buni. Huku Meru na Embu mkulima hutaja herufi tatu tu, CBD, na kila mtu hujua ni msiba gani.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa doa dogo jeusi kwenye tunda bichi, lililobonyea kidogo kana kwamba limefinywa kwa ncha ya kalamu. Mvua ikiendelea na baridi ikizidi, doa hupanuka na katikati yake hutokea utando wa rangi ya waridi iliyofifia. Huo utando ni mbegu za kuvu kwa maelfu, na tone moja la mvua linalogonga tunda hilo huzirusha kwenye tunda la jirani. Tunda huanguka, au hukauka likabaki tawini, jeusi na jepesi, ndani hamna kitu. Tunda changa linaloendelea kutanuka ndilo huumia zaidi, na kadiri shamba linavyopanda kwenye baridi ya mlimani ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Palipokosekana kinga, McDonald aliona mashamba yakipoteza robo tatu ya mazao. Kufikia mwaka 1939 ugonjwa ulikuwa umevuka Bonde la Ufa kuelekea mashariki.

Kinga iliyokuwapo ilikuwa shaba. Tangu Mfaransa Millardet alipoonyesha mwaka 1885 kwamba mrututu uliochanganywa na chokaa huzuia ukungu wa mizabibu, dawa hiyo ilizunguka dunia nzima. Kwa lita 100 za maji, kilo moja ya mrututu na kilo moja ya chokaa. Majani yakapata rangi ya samawati, na mikono ya mpulizaji nayo. Kwa kutu ya majani ilifanya kazi vizuri. Kwa chule buni mambo yalikuwa magumu zaidi.

Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, Roger Swynnerton aliandika mpango wa kilimo uliobomoa vikwazo vya 1934. Alikuwa amefanya kazi Kilimanjaro na kuandika kitabu kuhusu kahawa ya chama cha ushirika cha Wachagga, hivyo alijua kwamba mkulima mdogo anaweza kutoa kahawa safi. Mashamba yakaunganishwa, hati zikatolewa, na miteremko ya Embu na Meru ikafunikwa na mibuni, shamba la mtu na la jirani yake yakigusana. Viwanda vya kumenya na kuosha kahawa vya vyama vya ushirika vikasimama kando ya mito. Kwa kuvu inayorushwa na matone ya mvua, hiyo ilikuwa neema isiyo na kifani.

Katika miaka hiyohiyo watafiti wawili, F. J. Nutman na F. M. Roberts, walikuja na hoja yenye mvuto. Walisema chule buni hukaa kwenye gome la matawi wakati wa kiangazi, ikisubiri mvua; basi pulizia gome dawa kabla mvua haijaanza, nawe utakuwa umeiua ikiwa bado usingizini. Mkulima alishauriwa kupuliza mwanzoni mwa mwaka na kuokoa gharama za baadaye. Ikaja miaka ya mvua nyingi, hasa 1967 na 1968, na chule buni ikaenea kwa ukali usiowahi kuonekana. Jambo lililowashtua watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru ni kwamba mibuni iliyopuliziwa mapema mara nyingine ilikuwa na ugonjwa mwingi kuliko ile isiyoguswa na dawa. J. N. Gibbs alionyesha mwaka 1969 kwamba chanzo kikubwa cha mbegu za kuvu ni matunda yenyewe yaliyougua, wala si gome. Mwaka huohuo I. Furtado alichapisha utafiti kuhusu jinsi dawa za shaba zinavyoathiri aina ya kuvu inayoleta chule buni. Miaka mitatu baadaye E. Griffiths aliandika waziwazi juu ya madhara ya dawa za kuua kuvu kwenye kahawa.

Hapa ndipo historia ya kahawa ya Meru na Embu inapokutana na bakteria. Gome la mbuni si mti mkavu mtupu. Juu yake huishi umati wa viumbe wasioonekana kwa macho: bakteria, hamira, na kuvu wasio na madhara, wakiwemo jamaa wa karibu wa ile inayoleta chule buni. Wanagombania nafasi, wanagombania sukari kidogo inayovuja kutoka kwenye mmea, na baadhi yao hutoa kemikali zinazowadhuru majirani. Aina hatari ya kuvu ni wachache katika umati huo. Shaba ilipopulizwa iliwafagia wengi, na baada ya hapo aliyerudi kwa nguvu hakuwa lazima awe rafiki wa mkulima. Mtafiti Mkenya D. M. Masaba alilifanya suala hili kuwa kazi yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Reading, aliyoikamilisha mwaka 1991: nafasi ya viumbe hao wa juu ya mmea katika kukua kwa chule buni nchini Kenya. Naiona kazi hiyo kuwa miongoni mwa muhimu zaidi zilizowahi kufanywa juu ya kahawa yetu, na inanisikitisha kwamba wakulima walioishi ndani ya mambo aliyoyachunguza hawajasimuliwa.

Shaba nayo haikuondoka. Haiozi wala haiyeyuki ikaisha. Mwaka 1984 Dickinson na Lepp, watafiti kutoka Uingereza, walipima shamba la kahawa la Kenya lililokuwa na umri wa miaka 68 na kukuta shaba ya dawa imerundikana kwenye udongo na majani yaliyoanguka. Bakteria wa udongo huo wameishi nayo kwa vizazi visivyohesabika.

Wakati wakulima wa Kenya wakipambana na mapipa ya mrututu, kilomita nyingi upande wa magharibi, Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, kulikuwa na daktari Mbelgiji aitwaye René Devignat. Alikuwa akichunguza tauni, ugonjwa uliosumbua nyanda za juu za Ziwa Albert, na jina lake limebaki katika vitabu vya tiba kwa jinsi alivyoainisha vimelea vya tauni mwaka 1951. Kutoka kwenye udongo wa Ituri ilipatikana pia aina ya bakteria wa Bacillus subtilis aliyekuwa akiizuia kuvu kukua karibu naye. Mwaka 1950 L. Delcambe alitangaza huko Ubelgiji kemikali iliyotoka kwa bakteria huyo, nayo ikaitwa iturini. Mwaka 1957 Delcambe na Devignat walichapisha kitabu kizima kuihusu.

Iturini ni pete ya amino asidi saba iliyoshonewa mkia wa mafuta. Mkia huo ndio silaha. Huzama kwenye utando unaoizunguka seli ya kuvu, molekuli kadhaa hukusanyika mahali pamoja, na utando hutoboka. Potasiamu na vitu vingine vya ndani huvuja nje mpaka seli ife. Madaktari walivutiwa nayo kwa magonjwa ya ngozi yanayoletwa na kuvu, lakini huweza pia kutoboa chembe nyekundu za damu, na kwa dawa ya kuingizwa mwilini hicho ni kizuizi kikubwa. Kwenye majani na matunda hakuna damu. Hata hivyo wakati ule hakuna aliyeichukua kutoka Ituri na kuipeleka kwenye mibuni ya Bukoba, Embu au Meru. Bakteria aliyezaliwa upande wetu wa Afrika alibaki kwenye chupa za maabara za Ulaya, na serikali zetu za kikoloni zikaendelea kuagiza mrututu.

Waliolifuata jambo hilo hadi mashambani walikuwa Wajapani, kwa njia yao wenyewe. Mpunga wa Japani uliteswa na blasti, kuvu inayounguza majani na kukata shingo ya suke kabla punje hazijajaa, na katika miaka ya 1950 tiba yake ilikuwa vumbi lenye zebaki. Zebaki ikiingia mwilini haisamehe. Maafa ya Minamata, ingawa yalitokana na kiwanda na si mashamba, yaliwafundisha Wajapani hivyo kuanzia mwaka 1956. Wanasayansi wakaugeukia udongo, hasa bakteria wa jamii ya Streptomyces, ambao tayari walikuwa wameipa dunia streptomisini mwaka 1943. Ni bakteria walewale wanaotoa harufu tunayoinusa mvua za kwanza zinapoangukia shamba lililokauka. Mwaka 1958 ikapatikana blastisidini. Iliiua kuvu ya blasti lakini iliwawasha macho wapulizaji. Mwaka 1965 Hamao Umezawa na wenzake walitangaza kasugamisini, kutoka kwa bakteria aliyechukuliwa kwenye udongo wa hekalu la Kasuga mjini Nara. Hii ilikuwa pole kwa binadamu na kali kwa blasti. Mwaka huohuo ikaja polioksini, kutoka udongo wa Mlima Aso, volkano inayotoa moshi hadi leo.

Utendaji wa polioksini unastahili kuangaliwa kwa karibu. Ukuta wa seli ya kuvu hujengwa kwa kitini, ileile iliyomo kwenye gamba la mdudu. Mmea hauna kitini, wala binadamu. Polioksini inafanana mno na tofali ambalo kuvu hulitumia kujenga ukuta huo, hivi kwamba kimeng'enya cha ujenzi huishika kwa makosa na kukwama. Ncha ya uzi wa kuvu huvimba, ukuta unakosa nguvu, seli inapasuka. Bakteria mmoja wa udongo wa volkano alikuwa amebuni sumu inayoulenga ukuta wa kitini na kuiacha mimea na binadamu salama.

Blasti si ugonjwa wa mbali na habari hii. Mradi wa mpunga wa Mwea ulichimbwa kuanzia mwaka 1954 kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau, na ardhi ile wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu. Kirinyaga ilitengwa kuwa wilaya karibu na uhuru. Kwa hiyo Embu ya zamani ilibeba kuvu mbili kubwa kwa pamoja, ya mpunga bondeni na ya kahawa mlimani.

Kwenye kahawa, kemikali za viwandani zikashika hatamu kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuja benomili, dawa inayoingia ndani ya mmea na iliyosifiwa kama mwisho wa chule buni. Haikudumu. Mwaka 1976 tafiti mbili, moja ya D. M. Okioga na nyingine ya Cook na Pereira, zilitangaza kwamba kuvu ya chule buni ya Kenya ilikuwa imezoea dawa za jamii hiyo. Misimu michache ilitosha. Dawa nyingine, kaptafoli, ilifanya kazi vizuri, kisha ikaondolewa sokoni kwa sababu ya hatari kwa afya. Wengi walirudi kwenye shaba, wakichanganya na klorothalonili, dawa ambayo Umoja wa Ulaya ulikataa kuipa kibali upya mwaka 2019.

Ni rahisi kusema hapa kwamba dawa ya udongo ni safi na ya kiwandani ni chafu, lakini historia haikubali. Kasugamisini yenyewe, mtoto wa udongo wa hekalu, ilikutana na kuvu ya blasti iliyoizoea kwenye mashamba ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ileile benomili ilipokuwa ikishindwa Kenya. Dawa yoyote inayogonga mahali pamoja tu ndani ya seli huipa kuvu fumbo moja la kufumbua. Kwa upande mwingine, baadhi ya dawa za kiwandani ni wajukuu wa bakteria. Mwaka 1964 Wajapani walipata pirolnitrini kutoka kwa bakteria wa jamii ya Pseudomonas. Iliiua kuvu vizuri lakini mwanga wa jua uliivunja upesi. Wakemia wa Uswisi waliigeuza kidogo hapa na pale mpaka ikastahimili jua, wakapata fludioksonili, ambayo leo hupakwa kwenye mbegu na kwenye matunda baada ya mavuno katika nchi nyingi.

Bacillus aliye hai ana jambo la ziada. Hatoi kemikali moja. Aina hiyohiyo moja huweza kutoa iturini, fenjisini na safaktini kwa pamoja, kila moja ikiushambulia utando kwa namna yake, na juu ya hapo hukalia nafasi kwenye jani na kumaliza chakula. Tena hutengeneza viini vigumu vinavyostahimili ukame na joto, kwa hiyo anaweza kukaushwa, kufungwa kwenye pakiti na kuwekwa dukani. Mwaka 1995 Mmarekani Pamela Marrone alianzisha kampuni ya AgraQuest mjini Davis, California, na aina ya Bacillus iliyoipa kampuni hiyo umaarufu ilitoka kwenye udongo wa bustani ya mipichi huko Fresno. Dawa yake ilisajiliwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2012 kampuni ya Bayer iliinunua AgraQuest kwa mamia ya mamilioni ya dola. Miongoni mwa silaha za bakteria huyo wa Fresno ni iturini, jamii ya kemikali iliyotambuliwa kwanza katika udongo wa Ituri nusu karne kabla.

Jambo hilo linaniuma, na si kwa sababu Marrone alikosea. Alifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Wala si iturini pekee: ripoti moja ya mwaka 2006 ilieleza kwamba bakteria wa jamii ya Actinoplanes anayetumiwa kutengeneza akarbosi, dawa ya kisukari inayouzwa kote duniani, alitoka kwenye ziwa la Ruiru, Kenya. Mwaka huohuo Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti uchukuaji wa rasilimali za viumbe, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, ikaipa nchi haki ya kudai mgao wa faida. Sheria sasa tunazo. Sheria haimkuzi bakteria kwenye sahani ya maabara, wala haimpimi dhidi ya chule buni.

Njia iliyofuatwa kweli na kituo cha kahawa cha Ruiru ilikuwa ya kuzalisha mbegu bora, na ilizaa matunda. Baada ya mlipuko wa 1967 na 1968, kazi ilianza mwaka 1971 chini ya uongozi wa Herbert van der Vossen, kwa kuchanganya damu ya Rume Sudan, ya mahuluti wa Timor na ya aina nyingine zenye kinga na ile ya SL28 na SL34 zenye ladha. Ruiru 11 ilitolewa 1985, na Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya, mwaka 2010. Wapo wakulima wengi wa Meru na Embu waliobandika vikonyo vya aina hizo kwenye mashina ya zamani. Lakini SL28 bado imesimama kwenye maelfu ya mashamba madogo, kwa kuwa ina bei na kwa kuwa mti wa baba haukatwi hivihivi.

Nchi jirani zimepiga hatua kwa upande wa bakteria. Mwaka 2007 Diriba Muleta na wenzake walichapisha majaribio ya bakteria waliotoka kwenye mizizi ya kahawa ya Ethiopia, wakiwapambanisha maabarani na kuvu za fusari zinazonyausha mibuni, na baadhi yao wakashinda. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya ajabu. Gramu moja ya udongo huchanganywa na maji safi, hupunguzwa makali mara kumi, na mara kumi tena, kisha tone hutandazwa kwenye sahani. Baada ya siku chache kila bakteria huwa kundi lake. Huchukuliwa mmoja, huwekwa kando ya kuvu, na mtafiti husubiri aone kama patabaki ukanda mtupu kati yao. Embu na Chuka sasa zina vyuo vikuu, Meru ina chuo chake cha sayansi na teknolojia, na kituo cha utafiti wa kahawa kina tawi Mariene, Meru. Ugumu uko baada ya sahani: bakteria anayeshinda maabarani lazima aweze kushikilia tunda linalopigwa na mvua ya Aprili kwa wiki nyingi, kwenye mti ambao huenda ulipuliziwa shaba juma lililopita.

Pa kuanzia pangekuwa wapi? Kwenye mibuni iliyotelekezwa. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika na bei ikaanguka. Kenya, iliyotoa takriban tani 129,000 msimu wa 1987/88, ilishuka hadi chini ya nusu ya hapo. Sheria ilimkataza mkulima kung'oa mibuni bila ruhusa, kwa hiyo wengi wa Meru na Embu waliiacha tu isimame: mahindi na maharagwe yakaingia katikati, makadamia yakapandwa kando, dawa ikasitishwa. Miti kadhaa ya namna hiyo haijaonja mrututu kwa miongo mitatu. Mingine bado huzaa kidogo kila mwaka, katikati ya baridi na mvua, bila msaada wa mtu. Mnunuzi haitazami mibuni hiyo. Kwa swali la Masaba kuhusu viumbe wa juu ya mmea, gome lake na udongo ulio chini yake ni bora kuliko shamba lolote la maonyesho, na kwa vile bei imepanda katika miaka ya karibuni na wakulima wanairudia kwa makasi na pampu, sampuli zichukuliwe sasa.